Taa Inayotafuta Mkono

Wa kwanza kuiona ile taa ikijiwasha alikuwa Redio, na kama ungependa jambo libaki siri, Redio ndiye mtu wa mwisho ungemchagua alione. Alikuwa kwenye kiti changu, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio, akinipa habari za jirani yake aliyerudiana na mumewe kwa mara nyingine. Mimi nasuka huku sikio nimelitega, maana yule jirani namfahamu, na mume vilevile namfahamu. Mara Redio akanyamaza katikati ya neno. Redio kunyamaza ni jambo la kumwitia daktari. Nikamtazama kwenye kioo. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya kucha, upande wa pili wa chumba.

Taa ilikuwa inawaka. Ile taa ndogo nyeupe ya kukaushia jeli ya kucha, yenye mdomo wazi kama kibanda cha njiwa, ilikuwa inamwaga mwanga wake wa zambarau juu ya meza tupu. Hakuna aliyekaa pale. Kiti cha Bi Msasa kilikuwa kimesukumiwa chini ya meza, vilevile tulivyokiacha tangu tumzike.

"Nani kaiwasha?" Redio akaniuliza.

"Haina swichi ile," nikamjibu kabla sijafikiri. "Inawaka ikiona mkono."

Ndivyo ilivyotengenezwa. Ukiingiza vidole inawaka, ukivitoa inazima, usipovitoa inamaliza dakika yake na kuzima yenyewe. Tuliiangalia ikamaliza dakika yake. Ikazima.

"Basi inatafuta mkono," Redio akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu tujuane.

Bi Msasa tulimpa jina hilo kwa ajili ya tupa zake na kwa ajili ya ulimi wake, kwani vyote vilikwangua. Tulikodi chumba kile pamoja tukiwa bado wasichana, mimi vichwa, yeye mikono, na miaka yote hiyo tuligombana kila asubuhi na hatukuwahi kununiana mpaka jioni. Mteja akiingia na kucha alizojibandikia nyumbani kwa gundi, Bi Msasa atamshika mkono, atautazama mbele na nyuma, kisha atamwuliza kwa upole, "Dada, umepigana na nani?" Chumba kizima kinaangua kicheko, na mteja naye anacheka, kwa sababu anajua ameshafika pa kupona.

Lakini akianza kazi ulimi unalala. Anapachika fomu ya karatasi chini ya ncha ya kucha, anachota jeli kwa brashi, nzito kama asali, anaivuta kutoka kwenye kucha halisi mpaka juu ya karatasi, anaisubiri ijitandaze. Halafu anaujenga mgongo. Mgongo wa kucha ndio unaobeba uzito. Ukiukosea, mteja anafungua mlango wa gari na kucha inabaki mlangoni. Mgongo wa Bi Msasa ulikaa nyuma kidogo kuliko wa mafundi wengine, kwa sababu kidole chake cha shahada kilipinda tangu utotoni na brashi ilishuka kwa kukifuata. Binti yake, Kidosho, aliweza kufumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya kucha ya mtu yeyote, akakwambia kama ni ya mama yake au si ya mama yake. Tulikuwa tunamjaribu kwa mchezo. Hakukosea.

Mkono ukishaingia kwenye taa, Bi Msasa alikuwa na neno lake moja: "Ukisikia moto, toa mkono." Jeli inapokauka hutoa joto, na ikiwa nene joto hilo linauma. Ni jeli inayochoma, si taa. Kucha tupu ukiiweka mle hata kutwa nzima haihisi kitu. Neno hilo alimwambia kila mteja, mgeni na mwenyeji, na hapo sauti yake haikuwa na msasa hata kidogo.

Sasa, fundi wa kucha hawezi kujitengenezea vizuri mkono anaofanyia kazi. Mama na binti walikuwa wanatengenezana. Jumapili moja ya kila mwezi walijifungia chumbani, mimi nikiwaletea chai na habari za mtaani, wakabadilishana viti. Jumapili ya mwisho, Bi Msasa alimjengea Kidosho kucha ndefu za rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai, na Kidosho akamjengea mama yake fupi, nyekundu, kama alivyopenda. Katikati ya wiki presha ikamwangusha Bi Msasa jikoni kwake, sufuria ingali motoni. Akazikwa na kazi ya mwanawe vidoleni, na mwanawe akabaki na kazi yake.

Na sisi tukabaki na mji mzima unaotembea na kazi yake. Hilo sikulifikiria mpaka nilipomwona Kidosho amesimama mlangoni anatazama mikono ya wapita njia. Muuza vitambaa akipunga mkono kumwita mteja, ni Bi Msasa. Mama mmoja akiwagusa watoto wake vichwani kuwahesabu wakivuka barabara, ni Bi Msasa. Halafu mmoja mmoja wakawa wanarudi kujaziwa na Kidosho, aliyefanyia kazi kwenye kigoda chake, kiti cha mama yake hakukigusa. Kucha inaota, unajua, na jeli inasukumwa mbele, na kwenye shina panabaki uwazi. Fundi anapunguza ncha, anaikwangua jeli ya zamani iwe nyembamba, anajaza mpya pale nyuma. Kila mteja aliporudi, kazi ya Bi Msasa ilisogea kuelekea ncha, na ncha ndiyo inayokatwa. Kidosho alikuwa anamkata mama yake vidoleni mwa watu, kipande kwa kipande, na anafagia unga.

Redio hakutuangusha. Habari za taa zilifika sokoni kabla kichwa chake hakijamalizika kusukwa. Wiki ile chumba kilijaa. Watu waliosukwa juzi walikuja wakidai nywele zimefumuka. Mimi napenda chumba kikijaa, sitakataa, na taa haikuwanyima walichokifuata. Ikiwaka tu, benchi zima linahamia ukutani.

Tulimwita fundi umeme. Akaifungua, akapuliza, akasema jicho lake limeingia unga wa jeli, linadhani unga ni mkono. Akalisafisha, akaenda zake. Kesho yake mchana ikawaka. Akarudi, akaikuta inawaka peke yake, akaitazama kwa muda, akakumbuka ana kazi mahali pengine.

"Mbona mnaiogopa?" Redio akasema siku moja, benchi likiwa limejaa watazamaji. "Marehemu alinipenda. Aliniambia mimi ni mbea, lakini kwa mapenzi." Taa ilikuwa inawaka. Akaenda akaingiza mkono.

Ikazima papo hapo.

Akautoa, ikawaka. Akauingiza, ikazima. Hakuna aliyecheka. Redio akarudi kitini akakaa juu ya mkono wake kama mtu anayeuficha.

Wakati huo Kidosho akatokea uani na ndoo ya maji. Akatuona tulivyokaa, akaiona taa. Akaitua ndoo, akajifuta kwenye aproni, akakaa upande wa mteja, si wa fundi, akaingiza mkono wa kulia wenye zile kucha ndefu za maziwa. Taa ikaendelea kuwaka mpaka dakika yake ikaisha.

"Imemjua," mtu akanong'ona kwenye benchi.

Tangu siku hiyo, ikiwaka tu Kidosho anakwenda. Anamwacha mteja vidole vimetanuka hewani, rangi mbichi, anakwenda anakaa na mkono wake mle ndani, uso umelainika kama wa mtoto anayesukwa na mama yake. Wateja wakaanza kupungua. Wa taa walikuwa wengi, wa kucha wachache. Nami nikanyamaza, nikijiambia msiba una njia zake, utapita.

Kilichonishtua ni rangi. Kidosho tangu azaliwe hapendi rangi nzito, na rangi ya kawaida ya chupa, ile ya kupaka na kufuta, alikuwa anaidharau kama mama yake. Sasa nikaona kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia amepaka zambarau iliyoiva, ya chupa, imebanduka pembeni. Kidole kimoja tu.

"Mtindo mpya huo?" nikamwuliza.

"Ndiyo, Mama mdogo. Wa siku hizi."

"Mtindo wa kidole kimoja."

"Mama mdogo, wewe shughulika na vichwa."

Nikashughulika na vichwa. Lakini niliona pia kwamba akifua taulo anakiinua kidole kile juu, na akishika tupa anaishika kwa vidole vilivyobaki.

Aliyegundua anachoficha alikuwa Karani. Huyu ni mwanamke wa ofisini, anachapa kutwa nzima, na kucha zake zikigonga mashine utadhani mvua imeanza kwenye mabati. Alikuwa mteja wa Bi Msasa tangu ujana wao, na alikuwa wa mwisho kuendelea kubeba kazi yake; Kidosho alimkata kidogo kidogo sana, akibana, akiacha kila alichoweza kuacha. Alikuja adhuhuri moja ya mvua, chumba kikiwa hakina mtu zaidi yetu watatu.

"Hiki cha kati kimeachia," Karani akasema, akinyoosha mkono. "Nikiosha vyombo nasikia maji yanaingia."

Kidosho akakipapasa. Akafumba macho. Nilijua anatafuta mgongo. Halafu akachukua jeli mpya, akaanza kujaza juu yake.

Karani akauvuta mkono. "Wewe, unafanya nini?"

"Nakijaza, shangazi."

"Juu ya kilichoachia? Mama yako angenitimua nje kwa kukuacha tu uwaze hivyo."

Hata mimi msusi ninalijua hilo, kwa kulisikia likipigiwa kelele kila mwanafunzi aliyewahi kupita pale. Jeli ikiachana na kucha inakatwa, inaondolewa. Ukiifunika unayafungia maji humo ndani, na maji yakifungiwa yanaoza. Kidosho alilijua hilo kabla hajajua kusoma.

Karani akamtazama usoni, kisha mikononi. Akavuta chupa ya dawa ya kufutia rangi, akalowesha pamba, akakishika kile kidole cha pete. Kidosho akajaribu kukirudisha, lakini Karani ana mikono ya mtu anayefungua makabati ya chuma kila siku. Akafuta zambarau yote.

Chini yake kucha ilikuwa ya kijani. Kijani cha ukoko wa dimbwi, kimetanda kutoka pembeni mpaka katikati, na juu yake jeli safi, imepangwa tabaka kwa tabaka, imeng'arishwa. Alikuwa ameifunika, na kuifunika tena. Nyama ya pembeni ilikuwa imevimba.

"Inauma?" nikamwuliza.

"Usiku."

"Kidosho. Hicho ni kidole cha mkono wa kazi."

"Najua, Mama mdogo."

"Ukikipoteza utashikaje brashi?"

"Najua."

"Basi kama unajua, chukua tupa."

Akavuta mkono wake akauweka mapajani, akaufunika na ule mwingine. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. "Kwingine kote nimeshamkata," akasema. "Kwa muuza vitambaa hakuna tena. Kwa mama wa watoto wale hakuna. Kwa shangazi hapa zimebaki ncha. Zilizobaki nzima ni hizi zangu. Taa inapowaka mimi naingiza mkono, na anaukubali. Wa Redio aliukataa, mliona wenyewe. Nikiziondoa hizi, atanijuaje? Mkono mtupu ni mkono wa mtu yeyote."

Mimi nina neno la kila kitu. Watu wananifuata kwa sababu hiyo. Siku hiyo nilibaki na kitana mkononi kama mtu aliyesahaulika kituoni.

Karani ndiye aliyesogeza kiti. Akaweka mikono yake yote miwili mezani, viganja chini. "Nitoe mimi kwanza," akasema. "Zote. Usiache hata chembe."

"Shangazi, wewe hukai bila kucha."

"Nitakaa. Mashine itashangaa. Anza."

Jeli ngumu ya kujengea haiyeyuki kwa dawa. Huondoka kwa tupa tu, unga kwa unga. Kidosho akaanza na kidole cha kati. Polepole kazi ikamshika, maana mwili ukifundishwa kitu hausubiri ruhusa. Karani akawa anaongea naye muda wote, tena vya kuchekesha: jinsi Bi Msasa alivyomkataa mchumba wake wa kwanza kwa kumtazama kucha tu, akasema mwanamume anayezitafuna hivyo atakutafuna na wewe. "Na kweli alitafuna," akasema Karani. "Alikuwa sahihi, na hakuacha kunikumbusha." Kidosho akacheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka puani, cha kwanza tangu msiba. Unga mweupe ukaanguka mezani. Ncha za mwisho za Karani zikaisha, kucha zake zikatokea za waridi, fupi, zenye haya.

Halafu Kidosho akajiondoa mwenyewe mkono wa kushoto. Alifanya haraka, bila kutazama sana, kama anayebandua plasta. Alipofika mkono wa kulia akaishika tupa kwa kushoto, akajaribu, ikateleza ikamkwaruza nyama. Akanitazama.

"Mama mdogo."

"Mimi ni msusi, mwanangu."

"Nitakuelekeza."

Nikakaa kwenye kiti cha Bi Msasa. Nilikivuta kutoka chini ya meza na miguu yake ikakwaruza sakafu. Nikamshika mkono. Akaanza kunielekeza, na Mungu ni shahidi wangu, maneno yalikuwa yake lakini mwendo wake ulikuwa wa mama yake: "Laza tupa. Isisimame, unachimba. Nenda upande mmoja. Usipulize unga kwa mdomo, tumia brashi, hatupiki mkate hapa." Nikalaza. Nikaenda upande mmoja. Kidole gumba, cha shahada, cha kati. Kila mara kabla sijaanza alifumba macho, akapapasa mgongo wa ile kucha, akaniambia, "Haya."

Cha pete tulikiacha cha mwisho. Tabaka zake alizojipaka mwenyewe zilitoka, kisha ikabaki ile nyembamba ya zamani, ya maziwa na chai. Nikasimamisha tupa.

Alikipapasa kwa muda mrefu.

"Ni mgongo wake," akasema. "Umekaa nyuma."

"Ndiyo, mwanangu."

"Haya."

Niliiondoa. Harufu ilitoka, ya maji ya maua yaliyosahaulika chomboni. Kucha chini yake ilikuwa laini, ya kijani, lakini ilikuwepo, na kwenye shina ilikuwa inaota safi. Karani akasema zahanati hawajafunga, tutakwenda hivihivi na mvua yake, na mpaka wao waseme vinginevyo kiachwe wazi kikauke. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa naangalia taa.

Ilikuwa imewaka.

Mikono yangu ilikuwa mapajani mwangu. Ya Karani mabegani mwa Kidosho. Kidosho alikuwa ameegemea nyuma. Hakuna kitu kilichokuwa karibu na mdomo wa ile taa zaidi ya unga uliolala mezani, na mwanga wa zambarau ukiugusa unga ule ulionekana kama unatembea.

"Usiende," nikamwambia.

"Niache, Mama mdogo. Lazima nijue."

Akaingiza mkono wa kulia, mtupu, mwekundu kwa kukwanguliwa, kidole kimoja kijani. Nilikuwa nasubiri izime. Nilikuwa tayari kumkumbatia itakapozima. Karani alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Haikuzima. Ilibaki inawaka, na Kidosho akatoa pumzi ndefu, na midomo yake ikaanza kutetemeka kwa kitu kinachofanana na furaha. Akausogeza mkono ndani zaidi, mpaka kwenye kifundo. Nikaogopa kuliko ningeogopa kama ingezima. Niliona jinsi alivyokaa, mwili wote umeelekea ule mwanga, nikajua kwamba mtu huyu hatatoka hapo. Atakaa mezani hapa kila siku ya maisha yake akisubiri iwake.

Ndipo uso wake ukabadilika. Akakunja nyusi.

"Inachoma," akasema.

"Haiwezi kuchoma," Karani akamwambia. "Huna jeli."

"Inachoma, shangazi. Vidole vyote. Kama imewekwa nene."

Tukatazamana sote watatu. Pengine ni kucha zilizokwanguliwa zikabaki nyembamba. Fundi mwingine ameniambia hivyo baadaye, na mimi sina elimu ya kumpinga. Lakini fundi huyo hakuwemo. Katika chumba kile hakuna aliyelisema lile neno la Bi Msasa la kusikia moto, na hakuna ambaye hakulisikia.

Kidosho akatikisa kichwa polepole, anakubali, kama mtoto anayeambiwa jambo kwa mara ya mwisho kwa sauti isiyo na msasa.

Akatoa mkono.

Taa ikazima. Akaupepea mkono wake hewani, akavipuliza vidole kimoja kimoja. Halafu akachukua brashi, akaukusanya unga wote wa mezani, wa Karani na wake, hakuna tena wa kuutofautisha, akaufagilia kiganjani mwake. Akasimama nao akitafuta pa kuuweka.

"Nipeni mwavuli," akasema hatimaye. "Twendeni hiyo zahanati kabla hawajafunga."

Alitoka nao kiganjani, amekunja ngumi. Nilifunga mlango nyuma yetu bila kutazama ndani.